Lubumbashi: Kabla ya kununua alimentasio ya ordinatere ya sinema, soma kwanza kibandiko chake

Katika salo nyingi za Lubumbashi, ordinatere imekwisha kuchukua nafasi ya aparey ya DVD. Inaunganishwa na televizyo kwa kamba ya HDMI, na ndani yake mna disiki iliyojaa filme, nyimbo, mechi za TP Mazembe zilizorekodiwa, na mara nyingi picha za harusi na za matanga ambazo familia haina kopi yake mahali pengine. Mambo hayo yote yanategemea sanduku moja dogo la chuma lililofungwa nyuma ya aparey, ambalo wanunuzi wengi hata hawaliangalii: alimentasio, yaani kile kipande kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa sehemu zote za ordinatere.

Inapokufa peke yake, hasara ni ndogo. Mtu ananunua nyingine, fundi anafunga visikurubu vinne, na jioni watu wanaendelea kuangalia. Lakini alimentasio mbaya haifi peke yake kila mara. Inaweza kupeleka volti nyingi kwenye kadi mama na kwenye disiki, na hapo familia inapoteza aparey pamoja na kila kilichohifadhiwa ndani. Mara chache inaweza pia kuwasha moto, katika nyumba ambamo televizyo imezungukwa na mapazia na viti vya sponji.

Kazi yake si ngumu kueleza. Umeme wa SNEL unafika nyumbani ukiwa na volti 220, na unageuka upande huku na huku mara 50 kwa sekunde. Ordinatere haiwezi kuutumia hivyo. Inahitaji umeme unaokwenda upande mmoja tu, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Alimentasio ndiyo inayofanya mageuzi hayo. Kulingana na kipimo cha ATX, ambacho kampuni ya Intel ilikitangaza mwaka 1995 na ambacho bado kinafuatwa kwa ordinatere nyingi za mezani, mstari wa volti 12 hauruhusiwi kushuka chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6.

Hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye prize za Katuba, Ruashi au Kampemba, mambo ni mengine.

Umeme wa Haut-Katanga unatoka mbali au unatoka kwa mashine za zamani. Sehemu moja inasafiri kutoka Inga, karibu na bahari, kwa laini ya kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi. Sehemu nyingine inatoka kwa mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, yote yaliyojengwa wakati wa ukoloni. Migodi inahitaji umeme mwingi, mji umepanuka, na kabini za mitaa zinabeba nyumba nyingi kuliko zile zilizopangiwa. Matokeo yake kila mkaaji anayajua: delestaji, na hata umeme unapokuwepo, saa moja ya jioni, wakati kila mama anawasha reshi yake, taa zinakuwa nyekundu kama mkaa. Volti 220 zimekuwa 160, au 140. Halafu usiku wa manane watu wanapozima, zinapanda tena.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi wa Lubumbashi si lile ambalo watu wa Ulaya wanajiuliza. Wao wanaanza na wati. Huku ni vizuri kuanza na mstari mmoja mdogo wa kibandiko, ulioandikwa INPUT.

Kama mstari huo unasema 100-240V, alimentasio hiyo inakubali umeme wote ulio kati ya namba hizo mbili bila mtu kugusa chochote. Volti zikishuka hadi 130 jioni, friji inagoma na balbu inafifia, lakini ordinatere inaendelea kuonyesha filme. Kama mstari unasema 200-240V au 230V peke yake, ujue kwamba saa ya reshi ordinatere itajizima na kujiwasha, tena na tena, na disiki ndiyo itakayoumia kwanza.

Kuna aina ya tatu, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Ni alimentasio za zamani zenye kitufe chekundu nyuma, chenye namba 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Ordinatere zilizotumiwa ambazo zinatoka Marekani, ambako prize zina volti 120, zinaweza kufika na kitufe kikiwa kwenye 115. Mtu anaichomeka kwenye volti 220, na mlio mmoja unasikika kama bunduki, pamoja na harufu. Kazi imekwisha. Kabla ya kuchomeka aparey yoyote iliyotoka kwenye kontena, angalia kitufe hicho. Ni sekunde tatu.

Lakini hata ile ya 100-240V ina mpaka wake juu. Alimentasio za kawaida zimejengwa kuvumilia volti zipatazo 264, si zaidi. Chini zinavumilia, juu hazivumilii. Na mjini hapa hatari ya juu ni ya kweli: waya wa netre unapokatika kwenye nguzo, kwa sababu ya upepo, ya wizi wa kamba au ya fundi wa kubahatisha, nyumba za mtaa mzima zinaweza kupokea volti zinazokaribia 380. Siku hiyo hakuna alimentasio ya ordinatere itakayopona, hata iwe ya bei gani.

Kinga yake ni kifaa kingine, kidogo, ambacho watu wanakitumia kwa friji na kukisahau kwa ordinatere: kile kinachokata umeme chenyewe volti zikipita kiasi, na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kusubiri huko kuna maana. Umeme unaporudi baada ya delestaji unakuja kwa kurukaruka, unakatika na kurudi mara mbili au tatu ndani ya dakika moja, na marukio hayo ndiyo yanayoua aparey nyingi kuliko delestaji yenyewe. Asiye na kifaa hicho anaweza kufanya kazi yake kwa mkono: umeme ukikatika, ang'oe fishi ya ordinatere ukutani, na aichomeke tena pale tu anapoona kwamba taa zimetulia.

Sasa wati.

Ni hapa ambapo mnunuzi anaibiwa mchana kweupe. Kwenye rafu za maduka ya mjini kuna alimentasio zilizoandikwa 500W, 600W, hata 700W kwa herufi kubwa, zikiuzwa kwa bei ambayo haiwezi kulipia hata shaba iliyopaswa kuwa ndani. Namba hiyo kubwa haina maana peke yake. Mtu ageuze sanduku, atafute jedwali dogo kwenye kibandiko, aangalie nguzo ya +12V na asome idadi ya ampere. Karibu kazi yote ya ordinatere ya leo inapita kwenye volti 12. Basi ni hesabu ya mtoto wa shule: ampere mara 12. Kama kibandiko kinasema ampere 14, hiyo ni wati 168 kwenye mstari unaohitajika, hata kama juu wameandika 500. Alimentasio ya kweli ya wati 300 inaweza kutoa karibu wati zake zote kwenye mstari huo. Kwa hiyo ile ya 300 inaweza kuwa na nguvu kuliko ile ya 500, na muuzaji asiyejua hesabu hiyo atakuuzia kwa moyo mweupe.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: ordinatere ya sinema haihitaji wati nyingi. Ile isiyo na kadi ya michezo ya video, yenye prosesa ya kawaida na disiki moja, inatumia wati 20 hadi 40 wakati filme inaendelea, kwa sababu prosesa za siku hizi zina sehemu maalumu ya kufungua video, hata ya 4K, bila kuchoka. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, mara nyingi haipiti 100. Alimentasio nzuri ya wati 300 inatosha na kubaki. Kununua ya 750 kwa ajili ya kuangalia filme ni kama kukodi lori la tani kumi ili kwenda kuchota bidoni mbili za maji, na zaidi ya hapo alimentasio kubwa inapofanya kazi ndogo sana inapoteza umeme mwingi kwa kulinganisha.

Makuta yanayobaki kwa kuacha wati za bure, yaende kwenye ubora. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, inaonyesha kwamba alimentasio imepimwa na haipotezi umeme mwingi kuwa joto. Ya Bronze inapaswa kufikisha asilimia 85 inapobeba nusu ya mzigo wake, ya Gold asilimia 90 au zaidi. Kwa faktire ya SNEL, tofauti hiyo ni ndogo mno kwa aparey ya wati 30, na anayekuambia kwamba Gold itajilipa yenyewe kwa umeme utakaookoa anakudanganya. Faida yake iko kwingine: joto kidogo maana yake vantilatere inazunguka polepole na vipande vya ndani vinaishi muda mrefu. Alama hiyo pia haipimi kinga wala uimara, na inachapishwa kwa uongo kwenye masanduku mengi. Jina la mfano linaweza kutafutwa kwenye orodha ya 80 PLUS kwa intaneti, hata kwa simu, ukiwa bado mbele ya muuzaji.

Asiye na intaneti ana mkono wake. Alimentasio nzuri ni nzito: ndani mna bobini, vyuma vya kupoza joto na kondansatere kubwa. Ile ya uongo ni nyepesi kama boksi ya biskuti, waya zake ni nyembamba, na ukichungulia kwenye matundu unaona nafasi tupu. Mafundi wengine waliwahi kufungua baadhi na kukuta kipande cha chuma kilichobandikwa humo ili kuongeza uzito, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Waya nene, zenye maandishi 18AWG, ni dalili nzuri nyingine.

Kondansatere ndizo zinazozeeka kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanda vingi duniani vilitumia kondansatere mbovu zilizovimba na kutoa maji baada ya miaka miwili au mitatu, na ordinatere za wakati huo bado zinaonekana katika soko la vitu vilivyotumiwa. Kampuni zinazojiheshimu leo zinaandika kwamba zinatumia kondansatere zinazovumilia nyuzi 105. Ni neno la kutafuta, hasa kwa ordinatere itakayofungiwa ndani ya kabati la televizyo pasipo hewa.

Halafu kuna zile herufi zinazoonekana kama siri: OVP, OCP, SCP, OTP. Ni majina ya kinga. Ya kwanza inakata umeme volti za kutoka zinapopanda, ya pili ampere zinapozidi, ya tatu waya zinapogusana, ya nne joto linapozidi. Ile ya kwanza ndiyo inayookoa disiki. Alimentasio isiyotaja hata moja, mnunuzi aiache palepale ilipo.

Wengi wanafikiri kwamba kununua ondulere kunawaondolea hitaji la alimentasio nzuri. Si hivyo. Ondulere za kawaida za nyumbani zinahitaji milisekonde chache, tuseme 4 hadi 10, ili kugeuka kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri. Katika muda huo ordinatere inaishi kwa umeme uliobaki ndani ya kondansatere ya alimentasio. Nzuri inashikilia karibu milisekonde 16. Ya bei ya chini, yenye kondansatere ndogo, inaanguka kabla ondulere haijaamka, na mtu anabaki akilaumu ondulere. Kuna pia tatizo la kinyume: alimentasio za kisasa zenye PFC aktive hazielewani kila mara na ondulere za bei rahisi ambazo umeme wake haufuati wimbi laini. Zinaweza kujizima palepale umeme unapokatika. Dawa ni kuomba muuzaji azijaribu pamoja, kwa kung'oa fishi ya ondulere ukutani filme ikiendelea. Asiyekubali jaribio hilo ana sababu yake.

Kwa anayetaka kufunga vyote, mpangilio unaofaa kutoka ukutani ni kikata-volti kwanza, kisha regulatere, kisha ondulere, kisha ordinatere. Televizyo nayo ichomekwe humo humo. Radi ikipita kwa antena au kwa waya wa televizyo inaweza kuingia kwenye ordinatere kupitia kamba ya HDMI. Kongo si nchi ya kufanya mchezo na radi: utafiti uliotokana na satelaiti na kutangazwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, huko Kivu ya Kusini, mbele ya mahali pote pa Afrika kwa wingi wa radi. Katanga haifikii hapo, lakini kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna kifaa kinacholingana na kung'oa fishi mawingu yanapoanza kunguruma.

Jambo moja la usalama linapuuzwa sana. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini, na fishi yenye miguu mitatu inachomekwa kwa adapta ya miguu miwili. Hapo mtu akigusa sanduku la ordinatere kwa mkono mtupu anasikia mchonyoto. Unatoka kwenye kichujio cha alimentasio yenyewe, na kwa aparey nzima ni umeme mdogo sana usioua. Lakini siku waya utakapogusa chuma ndani, hakutakuwa na njia ya umeme huo kwenda chini isipokuwa mwili wa yule atakayeigusa, ambaye mara nyingi ni mtoto anayechomeka flashi. Kuchimbia fito ya shaba uani na kuvuta waya hadi kwenye prize ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua.

Kuhusu ukubwa, hakuna mengi. Masanduku membamba ya chini ya televizyo yanatumia alimentasio za SFX au TFX, si ATX, basi pima kabla ya kulipa. Wanaonunua ordinatere za ofisi zilizotumiwa, zile nyeusi ndogo za Dell na HP, wakumbuke kwamba mifano yake mingi ina alimentasio yenye umbo na fishi yake pekee. Ya kawaida haiingii. Itafutwe ya mfano uleule, na ijaribiwe.

Kelele nayo ina uzito wake katika aparey ya sinema, kwa kuwa hakuna anayetaka kusikia upepo wakati waigizaji wananong'ona. Vantilatere ya milimita 120 inayozunguka polepole haisikiki ukiwa kwenye kiti. Zipo pia zisizo na vantilatere kabisa, nzuri Ulaya, lakini Lubumbashi mwezi wa Oktoba, ndani ya kabati, ni kuzitesa bure. Adui mkubwa zaidi huku ni vumbi jekundu la kiangazi. Linaziba vantilatere, joto linapanda, kondansatere zinavimba. Pigo la hewa mara mbili kwa mwaka linatosha, kutoka nje, bila kufungua sanduku la alimentasio. Ndani yake volti zaidi ya 300 zinaweza kubaki kwa muda hata baada ya fishi kung'olewa, na zimewahi kutupa chini mafundi wenye uzoefu.

Kwa familia ambazo umeme wa SNEL unafika saa chache tu kwa siku, au haufiki, hesabu inabadilika yote. Hapo ordinatere ndogo yenye alimentasio ya nje, kama ya laptopu, ni bora kuliko ya mezani: ikiungua inabadilishwa bila kugusa kingine, na inatumia umeme kidogo. Wenye paneli za jua wanaweza hata kuacha volti 220 kabisa. Kuna alimentasio ndogo zinazopokea umeme wa betri moja kwa moja, nyingine zinakubali volti 6 hadi 30, na hivyo hakuna umeme unaopotea kwa kupandishwa hadi 220 kisha kushushwa tena hadi 12. Betri ya volti 12 na ampere-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Ordinatere ya wati 30 pamoja na televizyo ya wati 60 zinaweza kufanya kazi nayo kwa saa zisizopungua tano. Filme mbili na mechi moja, na bado simu zinachajiwa.

Kwa ordinatere ambayo tayari iko nyumbani na ambayo imeanza kujizima ovyo, fundi mwenye mita anaweza kupima kabla ya kuuza chochote: waya wa njano na mweusi zitoe kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25, filme ikiwa inaendelea, si aparey ikiwa imetulia. Namba zikitoka nje ya hapo, ordinatere izimwe siku hiyohiyo, disiki itolewe, na picha zinakiliwe kwenye disiki nyingine kabla ya kwenda mjini kutafuta alimentasio mpya.